Upinde Uliorudi Mwembamba

Mmeniuliza wengi, kila mtu kwa namna yake, kwa nini upinde nilioondoka nao Mazingara ulikuwa mnene kama mpini wa jembe, na umerudi mwembamba kama fimbo ya kuchungia mbuzi. Mmoja wenu amesema nilibadilishiwa njiani nikiwa nimelala. Mwingine, ambaye ni fundi na anajua vizuri kuliko anavyosema, amedai kuwa umekauka tu. Mti haukauki kiasi hicho katika safari ya kwenda harusini na kurudi. Naandika nijibu mara moja, kwa mpangilio, ili nisirudie maneno haya haya kila ninapoketi kunywa kahawa.

Kwa ambao hawatujui sana: mimi hupima pamba kwenye kituo cha ushirika, na pamba ikiisha huchonga pinde. Siwindi. Kitoweo nanunua kama watu wengine. Uchongaji nilijifunza peke yangu, kwa kuharibu miti mingi ya mkole, na hapa Mazingara tupo wachache wenye ugonjwa huu.

Miaka kadhaa iliyopita Saidi, dereva wa lori la ushirika, aliona upinde katika duka la Mhindi mmoja pale Korogwe. Akaambiwa umechongwa na mkulima wa Kerenge aitwaye Bakari Shemhilu, naye huchonga kwa kupenda tu. Nikampelekea mmoja wa kwangu. Akaniletea mmoja wa kwake. Tangu hapo kila baada ya mavuno gunia moja refu huondoka hapa na Saidi, na gunia moja refu hurudi. Sharti letu lilikuwa moja, nalo mnalijua kwa sababu ni la wachongaji wote: upinde uliopewa hautiwi kisu na aliyepewa. Ukiupunguza, umemwambia mwenzako hajui kazi.

Mimi na Bakari hatukuwahi kuonana. Nilimjua kwa pinde zake, nikamkadiria kama ninavyokadiria mzigo kabla ya kuupandisha kwenye mizani. Upinde wake wa kwanza ulikuwa mgumu kuliko ninaoupenda. Nikajiambia kwamba mtu huchonga kwa kipimo cha mkono wake, kwa hiyo huyu ana mkono kunishinda. Kwa heshima nikamchongea mgumu zaidi. Uliofuata kutoka kwake ukaja mgumu kuliko huo wangu. Hoja yangu ikathibitika, nikaongeza tena. Tukaendelea hivyo. Kufikia mwaka jana, Bakari wa akilini mwangu alikuwa mtu wa kuinama kila mlangoni, na upinde wake ulinishinda kabisa. Nilifikisha ugwe, ile kamba ya upinde, nusu ya njia, mabega yakakataa. Nikautundika ukutani. Mlipouliza, niliwaambia kuwa kazi nzuri kama ile ni ya kutazama, mkadhani ni unyenyekevu.

Nilikuwa nimekwisha kumchongea wa mwaka huu. Huo nao sikuweza kuuvuta. Niliusawazisha kwa kuuning'inizia mawe ya mizani. Ndipo Saidi alipokuja na salamu.

"Bakari anaoza binti. Umeitwa," akasema. "Na uende na upinde wake wa mwaka jana, mpige pamoja, watu waone."

"Amesema hivyo yeye mwenyewe?"

"Nyumbani kwake ndiko kulikosema. Unataka nini tena?"

Nisipokwenda, nimemdharau. Nikienda nisipige, atajua pinde zake zimekuwa mapambo ya ukuta, na hakuna mchongaji anayeendelea kumchongea mtu wa namna hiyo. Katika mwaka wangu mzima lile gunia la Saidi ndilo kitu pekee ninachokihesabia siku. Sikutaka lisije tena. Basi nikafunga pinde mbili, wake na wangu, nikaondoka.

Mazingara hadi Handeni mjini

Lori la Saidi lilinifikisha karibu na mji, kwenye kizuizi. Pale palikuwa na mgambo mmoja, kijana mwenye shingo nene, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta mahindi ya magendo. Alichoma gunia langu kwa kijiti chake chenye ncha, akasikia mti.

"Ndugu, hizi ni nini?"

"Pinde."

"Unapeleka kuuza?"

"Hapana. Kubadilishana."

"Na nini?"

"Na upinde."

"Unatoa upinde, unapewa upinde."

"Ndiyo."

"Sasa faida iko wapi?"

"Hakuna."

Alilifikiria jambo hilo kwa uzito. Kisha akamgeukia mwenzake aliyekaa kwenye kivuli cha kibanda. "Unaona? Kila siku tunaimba ujamaa hapa, na hatujamwona mtu anaufanya. Mzee huyu anaufanya." Aliyekaa kivulini akasema labda mzee ni mgonjwa.

Ningepita salama kama angeishia hapo. Lakini alitaka kuona upinde ukiwa na ugwe. Nikautoa ule wa Bakari, nikauingiza kwenye panda ya mti uliokuwa kando ya kizuizi, nikaulalia kwa kifua mpaka ukapinda, nikauvika ugwe wake wa katani. Hilo mtu yeyote anaweza, kwa sababu anayefanya kazi ni uzito wa mwili. Mgambo hakujua. Aliuchukua, akatanua miguu, akavuta. Ugwe ulisogea upana wa kiganja, ukagoma. Akavuta tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Mwenzake akainuka kivulini, naye akajaribu, akaurudisha.

"Vuta wewe," mgambo akaniambia.

"Upinde mtupu hauvutwi. Lazima uwe na mshale, ama sivyo unaweza kuvunjika. Na mishale sina."

Kanuni hiyo ni ya kweli, ingawa nakiri kwamba sijawahi kuipenda kama siku ile. Kijana akanirudishia upinde kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee," akasema, ingawa tulikuwa tumekwisha kusalimiana. Akainua mti wa kizuizi juu kabisa, kama vile mimi ndiye lori.

Handeni hadi Korogwe

Nilidhani mambo ya mgambo yameisha pale pale. Sikujua kuwa kondakta wa basi la Korogwe alikuwa amesimama nyuma yangu, ananunua karanga, na ameona yote.

Basi liliondoka kwa wakati, likavunjika springi kwa wakati pia, mahali pasipo na nyumba wala duka. Dereva akaingia chini ya gari na hakutoka mpaka jua likageuka upande. Abiria tukatawanyika vichakani. Mama mmoja aliyekuwa anapeleka unga wa makopa ya muhogo kwa mwanawe aliwasha moto akapika ugali wake, bada, akatukaribisha sote, ingawa sufuria lilikuwa dogo. Kula bada bila mboga, ukiwa unamtazama mtu anagonga chuma, ni jambo linalofundisha subira kuliko ninavyohitaji.

Wakati huo kondakta alikuwa anasimulia. Mara ya kwanza walioshindwa walikuwa mgambo wawili. Sufuria lilipotolewa motoni, walikuwa kikosi.

"Na yeye akauvuta?" yule mama akauliza.

"Yeye hauvuti ovyo ovyo," kondakta akajibu. "Anaogopa kuua mtu."

Nilisema, kwa sauti ya kutosha, kwamba si kweli. Mama akanitazama mikono, akatazama tonge nililoshika, akaniongezea jingine. "Kula, baba. Mtu wa kazi kama hiyo hashibi upesi."

Mfugaji mmoja wa Kimasai, aliyekuwa amekaa peke yake na fimbo yake, ndiye pekee aliyeuliza swali la maana. Aliupitisha upinde kidoleni kutoka ncha hadi ncha, akauona mzuri.

"Huu unapiga nini?"

"Shina la mgomba. Ndiyo shabaha yetu."

Akanirudishia upinde. "Mgomba umekosa nini?"

Nikautia guniani.

Masuguru

Korogwe nilifikia kwa binamu yangu Mwanahawa, pale Masuguru. Nilinuia kulala usiku mmoja, lakini trekta la kijiji linalokwenda Kerenge liliondoka jioni ile ile, mara tu basi lilipofika, na kondakta wetu alikuwa na shemeji yake ndani ya tela. Maana yake, habari zangu zilitangulia na mimi nikabaki kusubiri trekta lirudi.

Mwanahawa alinipa wali na samaki wa mtoni, akanipa na ushauri. "Mwambie tu umeshindwa. Kwani unamwoa?"

"Huelewi."

"Sielewi kweli. Wanaume wazima, mnatumiana vijiti."

Kesho yake nilikwenda dukani kwa yule Mhindi, Bwana Jetha, ambaye kwa miaka yote hiyo amekuwa akitutunzia magunia yetu nyuma ya marobota ya kanga kila Saidi anapokosa nafasi ya kufika Kerenge. Alivua miwani, akaivaa, akanitazama kutoka kofia hadi viatu.

"Wewe ndiye Mhando? Mhando wa pinde?"

"Ndiye mimi."

"Ala!" Akaanza kucheka, akajikohoza ili kuficha. "Na unakwenda kwa Bakari. Vizuri. Vizuri sana. Mtafurahi."

Kama ningemuuliza pale Bakari ni mtu wa namna gani, maelezo haya yangekuwa mafupi. Sikuuliza, kwa sababu anayeuliza ukubwa wa mtu ameonyesha hofu. Badala yake niliomba bandeji. Wazo lilikuwa limenijia nikiwa natazama dari ya Mwanahawa: mtu aliyeumia mkono anasamehewa kila kitu, na heshima ya pande zote inabaki.

Bwana Jetha akapekua kabati, akanipa moja. "Ya mwisho hii. Nyingine ilichukuliwa wiki iliyopita." Akanitazama ninavyoifunga kwenye mkono wa kulia, pale pale mezani pake, mkono usio na jeraha lolote. Hakuuliza neno. Nilimwona mstaarabu.

Korogwe hadi Kerenge

Tela lilibeba mbolea ya kijiji, mbao, kitanda cha harusi kilichofunguliwa vipande, na sisi. Upande mmoja mkonge ulikuwa umepangwa mistari hadi macho yanapoishia. Upande wa pili milima ya Usambara ilikuwa imevaa ukungu. Ningeeleza zaidi mandhari hayo, lakini nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema "mlango wa basi" bila kusita.

Kwenye kivuko cha mto Lwengera matope yalishika magurudumu. Wote tukateremka kusukuma. Dereva wa trekta, aliyekuwa amekwisha kusikia habari, akasema niachiwe kona ile nzito peke yangu. Nikainua mkono wenye bandeji.

"Maskini," akasema. "Na huo ndio wa kuvutia?"

"Ndio huo huo."

"Kerenge watalia. Wanakusubiri tangu jana."

Nikasukuma kwa bega, sawa na wengine, na trekta likatoka kwa juhudi za wengine.

Kerenge

Walikuwepo kweli, kando ya njia, kundi la watu waliovaa nguo za harusi. Niliposhuka, mzee mmoja akatazama nyuma yangu kuona kama kuna mwingine anashuka.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye mimi," nikasema.

"Karibu," akajibu, kwa sauti ya mtu aliyepunjwa dukani.

Kisha akaja Bakari. Nataka kuwa sahihi hapa. Ni mfupi kuliko mimi, na mimi si mrefu. Mikono yake ni myembamba, ya mtu wa kazi ndogondogo za kisu. Miwani yake imefungwa kwa uzi. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji, ukaning'inizwa shingoni kwa kipande cha kanga. Macho yake yalianza juu, mahali ambapo kichwa changu kingekuwa kama ningekuwa yule aliyemtarajia, yakateremka taratibu mpaka yakanifikia.

"Bwana Mhando?"

"Bwana Bakari?"

Tulisalimiana habari za njia, za mavuno, za watoto, mpaka salamu zikaisha.

"Pole na mkono," nikasema.

"Niliteleza kisimani. Na wewe pole."

"Mlango wa basi."

"Bahati mbaya."

"Bahati mbaya sana."

"Basi kupiga haitawezekana," akasema, na uso wake ukajaa huzuni iliyotengenezwa vizuri.

"Ningependa sana."

"Hata mimi. Usiku kucha nilikuwa nawaza jambo hilo tu."

Hilo nililiamini.

Mkewe, Mama Zaina, mwanamke mrefu mwenye mabega mapana, alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Aliuliza kwa upole, "Kisimani lini, baba Zaina?" Akaingia ndani, akatoka na birika na beseni.

Sinia la pilau lilikuwa limekwisha kuwekwa mkekani, wanaume wamelizunguka. Pale ndipo nilipogundua kosa langu. Nilifunga mkono wa kulia kwa sababu ndio unaovuta ugwe. Nilifikiria upinde tu, wali sikuufikiria. Sasa nilikuwa nimeketi mbele ya sinia la watu, harusini, na mkono wa kulia umefungwa mpaka ncha za vidole. Kula kwa kushoto haiwezekani. Kulishwa na mtu kama mtoto, hapana. Kukataa chakula cha harusi ya binti wa mwenyeji, hiyo ni mbaya kuliko zote.

Bakari alikuwa ametumia akili kunizidi: kafunga wa kushoto, unaoshika upinde, na wa kulia kauacha huru kwa ajili ya wali. Lakini naye alikuwa amesahau kitu.

"Baba Zaina," mkewe akasema, "mgeni ni wako. Mnawishe."

Kijana mmoja akanyanyuka ili asaidie. "Kaa," akaambiwa. "Mgeni wa mwenye nyumba hanawishwi na mtu mwingine."

Bakari akashika birika kwa mkono wa kulia. Beseni likabaki chini. Birika linataka mkono mmoja na beseni linataka mwingine, na wote mkekani tulikuwa tunalijua hilo. Alitazama beseni. Akamtazama mkewe. Harufu ya pilau ilikuwa inapanda.

Nikaanza kufungua bandeji. Ilikuwa ndefu, nikazunguka na kuzunguka. Vidole vikatoka vizima, bila hata mchubuko. Bakari alivitazama kimoja kimoja, kama mtu anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Kisha akautoa mkono wake kwenye kanga, akainama, akashika beseni kwa nguvu kabisa.

"Maji yana moto kidogo," akasema.

"Yanafaa."

"Alhamdulillahi," akasema Mama Zaina. "Wamepona wote wawili."

Wanaume wa sinia walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mama Zaina hakucheka. Akaniambia, "Shemeji, mimi ndiye niliyekuita. Kila mwaka mume wangu anaufunga upinde anaokuchongea kwenye nguzo ya jiko langu, na mimi na binti yangu tunavuta kamba, yeye anasimama mbali anatazama unavyopinda. Mboga zinaungua. Nikasema, lazima nilione jitu hilo linalochongewa gogo zima. Leo nimeliona. Kula, baba."

Baada ya chakula Bakari alinichukua nyuma ya jiko.

"Kwa nini ulinichongea pinde ngumu hivyo?" nikauliza.

"Wewe ulinichongea ngumu. Nikasema, huyu Mzigua ni mti, nisimpe kijiti akanicheka."

"Mimi nilianza kuongeza kwa sababu ya ule wako wa kwanza."

"Wa kwanza?" Akafikiri. "Ule sikuumaliza. Ulikuwa bado unataka kukunwa siku nzima. Saidi alikuwa barabarani anapiga honi."

Nilipitia hesabu yangu yote ya miaka, hatua kwa hatua. Kila hatua ilikuwa sahihi, isipokuwa honi.

Sharti letu la kisu halikuvunjwa, nataka hili lieleweke. Hakuna aliyepunguza upinde aliopewa. Kila mmoja alichukua ule aliouchonga yeye mwenyewe, akaukuna kwa kipande cha chupa, na mwenzake akawa anauvuta.

"Vuta."

"Bado."

"Sasa?"

"Hapa chini bado unapigana na mimi."

"Huo si upinde, ni bega lako."

"Na wewe ni wa kuzungumzia mabega?"

Mabaki ya mkole yalijaa miguuni petu kama manyoya ya kuku. Waliochungulia walidhani tunazifanyia pinde dawa kabla ya mashindano, wakarudi kuwaambia wengine wasisogee. Jioni haijaingia tukasimama mbele ya shina la mgomba, na kwa mara ya kwanza nikafikisha ugwe wa Bakari kidevuni. Mshale wangu wa kwanza ulipita juu ukakaa kwenye makuti ya choo. Wa pili ulipiga. Wa Bakari ulipiga pembeni, ukaning'inia, akaushangilia kama amepata mtoto. Yule mzee wa njiani alitazama yote mpaka mwisho, akamwambia jirani yake, "Hao mgambo wa Handeni, sijui wanalishwa nini."

Kurudi

Kurudi hakukuwa na springi wala matope, kwa hiyo sina la kusimulia, isipokuwa kizuizi. Yule kijana mwenye shingo nene alikuwa pale pale.

"Mzee! Ulipiga?"

"Nilipiga."

"Na sasa mshale unao?"

Nilikuwa nao; Bakari alinipa podo lenye mishale. Nikauweka, nikavuta mpaka kidevuni bila haraka, nikaulegeza. Kijana akapumua kwa nguvu. Akaniomba ajaribu tena. Nilikuwa nimefungua kinywa nimweleze habari za chupa, lakini alikwisha kuuchukua, amekwisha kutanua miguu na kukunja uso. Alivuta mara moja, ugwe ukamfika sikioni.

Aliutazama upinde. Akautazama mkono wake, akaugeuza huku na huku. Kisha akapaza sauti kuelekea kibandani.

"Umeona? Nilikuambia yale mazoezi ya asubuhi si bure!"

Mwenzake akatoka mbio ili naye ajaribu, naye akaweza. Wakashikana mikono. Sikuona sababu ya kuwasumbua watu walio na furaha. Ninyi nawaeleza kwa sababu mna macho ya kupima unene wa mti, na mngenisumbua mpaka mavuno.

Upinde uko ukutani kwangu, lakini sasa hushuka kila jioni. Wa mwaka ujao nimeshauanza. Saidi nimekwisha kumwambia kwamba akifika Kerenge azime gari, ashuke, akae, anywe chai.